Siku Niliyopokea Kamba ya Fahali Ogwedhi

Jamani, hii nawaambia ninyi tu, na mkicheka chekeni polepole, kwa sababu kuna watu kwenye mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi ambao mpaka leo wananiita Mnunuzi.

Mhadhiri alikuwa ametupa muhula mzima tuchunguze jinsi bei ya ng'ombe inavyokubaliwa mnadani, na Boke, mwenzangu darasani, msichana wa Kikuria asiye na maneno mengi, alianza wiki ya kwanza, mimi nikasema nangoja presha (eti akili yangu hufanya kazi ikibanwa, ndivyo nilivyojisifu), basi wiki zikayoyoma mpaka ikabaki siku moja ya mnada kabla ya kuwasilisha ripoti.

Nikafika jua likiwa utosini, shati jeupe, sina hata swali moja, nikaamua nipige picha na ng'ombe ili mhadhiri aone nilikuwepo. Nikamwona mzee ana fahali mnene, anavutana bei na mchinjaji, nami bila hodi nikamwambia, "Mzee, nipe hiyo kamba." Akanipa haraka, akanishika mkono kwa furaha, mchinjaji akafyonya akaenda zake, na mimi huyo, natabasamia simu!

Kumbe pale ukipokea kamba, umenunua.

"Haya, lete pesa, kijana."

"Nilitaka picha tu, mzee."

Watu walicheka hadi fahali akashtuka, akaniburuta (nilisahau kuachilia kamba, msomi mzima) mpaka kwenye matope na samadi. Lakini kilichoniuma zaidi ni uso wa mzee, aliyemswaga fahali huyo tangu alfajiri kutoka upande wa Narok, na sasa mnunuzi wake ameondoka.

Boke, aliyekuwa pale na daftari lake kama kila siku ya mnada, ndiye aliyetuokoa. Alimkimbilia mchinjaji, akamwita kwa jina, akamtania kidogo, akamrudisha, na fahali akauzwa. Wauzaji walimsalimu kama binti yao, nami nilimvulia kofia, kweli tena.

"Wewe ulizaliwa na akili," nikamwambia nikijipangusa.

"Akili gani? Hata mimi siku ya kwanza walinicheka, nikaenda kulia nyuma ya lori. Ni vile tu nilirudi wiki iliyofuata."

Hapo ndipo nilipojielewa. Siku zote sikuwa nangoja presha, nilikuwa naogopa kuonekana sijui. Ripoti ile nilianguka, nikapewa nafasi ya kurudia, na nimeapa kuwa mnadani mapema: wacheke asubuhi, mchana niwe nimejua kitu.