Pumzi ya Baba Kwenye Matangi

Shangazi yangu hakuwahi kufuga hata kuku, lakini kwa miaka kumi na tisa alifuga mwani. Si ule wa baharini. Huu ni mdogo mno, macho yanaona ukijani wa maji tu. Aliulea maabara, kwenye matangi ya kioo, chini ya taa, ili siku moja watu wanaokaa angani wapate hewa: wao wanapumua, mwani unakula pumzi yao na kuwarudishia hewa safi. Aliukoroga, akaulisha, akaugombeza. "Wavivu nyie! Kazi yenu kula tu!"

Alipotakiwa mtu wa kujaribia, akamtoa kaka yake, yaani baba yangu. Baba hakuwa na kazi, na mdomo wa dada yake haukuwa na simile. Akafungiwa siku tisini katika chumba kisichopitisha hata upepo, akivuta hewa ya matangi yale tu. Alitoka amenenepa, anacheka.

Chumba kikabaki kitupu. Ila mshale wa kupimia pumzi ukaendelea kupanda na kushuka, taratibu, kama kuna mtu amelala mle. Wakabadilisha kipimo. Mshale ukapanda, ukashuka. Niliuona mwenyewe, nikatoka mguu niponye.

Mkuu wa maabara akachoka. "Mama, mwaga yote. Tuanze upya."

Shangazi akafungua koki. Tangi la kwanza lilikuwa limefika nusu simu yake ilipolia. Alikuwa mama yangu. "Wifi, njoo! Kaka yako pumzi zinamkatika, midomo imemgeuka rangi!" Shangazi akafunga koki. Kwenye simu akamsikia baba akikohoa, kisha akiomba maji ya kunywa.

Jioni alikuja kwetu na chupa moja ya maji yale kwapani, akaiweka dirishani. Kesho yake matangi yakamwagwa yote, na baba hakukohoa hata mara moja. Shangazi aliniambia mimi peke yangu. "Mwanangu, ikorogwe asubuhi na jioni. Baba yako asijue."

Tumemzika shangazi mwezi wa tatu. Sasa nakoroga mimi, na sijui hata robo ya aliyoyajua. Naogopa, nasema kweli. Nimekataa kazi ya mbali, nimemkataa na mchumba.

Jana maji yalianza kugeuka njano. Baba alikuwa sebuleni, ananicheka.

"Wewe na uji wako huo! Umwage bwana, unanuka."

"Kesho, baba," nikamjibu, nikaketi karibu naye, nikisikiliza anavyopumua.