Saturia na Kizazi Chake

Saturia Cuenú alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kukubali kushindwa, na kwa sifa hizo mbili kijiji kizima cha mdomo wa mto kilimjua. Akiingia mikokoni kuchimbua kombe, wale chaza wa topeni, sauti yake ndiyo iliyotangulia, ukafuata moshi wa makumbi ya nazi kutoka kwenye kopo lake la kufukuzia visubi, ndipo akaonekana mwenyewe, tope likimfika mapajani. Aliimba, aliwatukana kaa, aliwasengenya waume za watu. Wenzake walisema siku asipokuja hata tope huwa zito zaidi.

Halafu akaanza kukosa siku. Hedhi yake ilikuwa inakuja kwa fujo, inakaa wiki nzima na kuingia nyingine, mabonge kwa mabonge, na ikiondoka inamwacha midomo imempauka. Alizoea sketi nyeusi. Alizoea kukaa nyuma kabisa ya mtumbwi ili akisimama pasiwe na mtu nyuma yake wa kuona doa. Na tumbo likawa linajaa, gumu, upande mmoja kuliko mwingine.

"Mh, tumbo hilo, Satu!" Yuranis, shoga yake mdogo wa mikokoni, alimtania. "Mumeo Clímaco kakuweza safari hii?"

"Clímaco huyu? Akiweza kutengeneza paa linalovuja nitamfikiria na mengine."

Wakacheka wote. Saturia alicheka kifupi, akainama kutafuta kombe mahali ambapo alishatafuta.

Alikuwa amewahi kuzaa mara moja. Mtoto wa kiume, mkubwa wa macho, hakuifikia Krismasi yake ya kwanza. Walimlaza juu ya meza na maua ya karatasi, wakamwimbia na kumpigia ngoma mpaka kulipokucha kama wanavyoimbiwa watoto wote, na Saturia hakutoa chozi, maana huku kwetu mama hamlilii malaika wake asije akamlowesha mabawa akashindwa kuruka. Alikaa kakauka kama kuni, watu wakamsifu. Mimi sijawahi kuipenda sifa hiyo. Tangu hapo alitaka mtoto mwingine, na sasa alikuwa anaikaribia arobaini.

Aliyemzalisha ni Eustolia, shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye pia alimpokea Saturia mwenyewe na kumlea baada ya mama yake kufariki. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwa Eustolia. Kila mtoto aliyempokea, kondo na kitovu chake alivizika chini ya nyumba ya kwao, katikati ya nguzo zinazoiinua, ili mtu popote atakapokwenda awe na pa kurudi. Chini ya nyumba ya Saturia kilikuwapo kitovu chake, na pembeni yake kitovu cha mwanawe.

Mzee huyo alikuwa na chupa zake. Pombe ya miwa, viche, iliyolowekwa majani na magome ambayo aliyajua yeye, ikazibwa kwa gunzi la hindi. Ilikuwa dawa ya kizazi kilichoingiwa na baridi. Na kwa Eustolia, ugonjwa wa Saturia haukuwa na fumbo lolote.

"Baridi ya tope imekupanda, mwanangu. Unashinda umelowa kuanzia kiunoni, unategemea nini? Kunywa."

Saturia alikunywa kwa miaka. Damu haikusikia.

Siku alipoanguka mikokoni walimpeleka mjini, wakampiga picha ya tumbo. Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, tena si mmoja, mkubwa wao kama chungwa. Daktari wa hapo alisema bila kuinua kichwa, "Tunatoa kizazi, unapona, yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani?" Saturia akamuuliza, akachukua mkoba wake.

Ilibidi aende mpaka jiji la Cali, kwa boti na kwa ndege ndogo, kumpata daktari Amparo Rentería, mwanamke mfupi mwenye mikono ya joto, ambaye alimpapasa tumbo kwa muda mrefu kisha akamwambia maneno aliyoyatafuta: uvimbe unaweza kutolewa wenyewe, kizazi kikabaki. Ila kwanza damu iongezeke, maana kwa damu ile hakuna mtu angethubutu kumpasua. Atamchoma sindano tatu, moja kila mwezi, za kufunga hedhi ili uvimbe unywee na mwili upate nafasi ya kujijaza. Atakunywa vidonge vya kuongeza damu. Atasikia joto la ghafla, kichwa kitamuuma, asiogope, ni dawa hiyo.

Daktari aliyasema yote hayo, na aliyasema vizuri. Lakini Saturia alirudi nyumbani na sentensi moja tu, ile ya kizazi kubaki. Njia nzima aliishika kama mtu aliyebeba yai.

Sindano ya kwanza, ya pili. Hedhi ikakauka kweli. Alirudi mikokoni akiwa na sketi ya njano, na Yuranis akapiga kelele mpaka ndege wakaruka. Rangi ikamrudia usoni. Hapo ndipo yalipoanza yale mengine. Joto lilimpanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, akajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Kichwa kilimgonga. Usingizi ukampaa.

Eustolia alimtazama kwa siku kadhaa, na alipokuja kusema alikuwa na hofu ya kweli, machozi yakimlengalenga.

"Saturia, damu ya mwanamke ikifungiwa haikai bure. Inatafuta pa kwenda. Imeshakupanda kichwani, huoni? Marehemu Delfa ilimpanda hivi hivi, akamaliza siku zake anaongea na kuku."

"Daktari alisema kichwa kitauma, shangazi."

"Kwa hiyo na yeye anajua! Anajua na anakufungia! Mimi nimekupokea kwa mikono hii. Yeye kakupokea wapi?"

Usiku ule Saturia alimuuliza mumewe, dereva wa boti, mtu mwema asiye na maneno. Clímaco akajikuna shingo, akasema mambo ya wanawake yeye hayajui. Wanaume wetu huyajua mambo ya wanawake mpaka mlangoni pa chumba, hapo maarifa yote huwaishia.

Kama angeumwa mguu angengoja. Lakini kila alichoambiwa tangu utotoni kilikuwa kinamtokea kichwani mwake, joto, kugonga, kukosa usingizi, hatua kwa hatua kama shangazi alivyosema. Na alijiambia kwamba mama mwendawazimu hapewi mtoto amlee. Sindano ya tatu hakwenda kuchomwa. Akachukua chupa, akang'oa gunzi, akanywa asubuhi na jioni ili damu ishuke.

Ilishuka.

Ilimshukia mikokoni, wakati maji yanapwa. Yuranis ndiye aliyeona tope jeusi likibadilika rangi kumzunguka. Alimburuta mpaka kwenye mtumbwi, akapiga kasia huku analia na kumtukana asife. Clímaco, ambaye hayajui mambo ya wanawake, aliendesha boti siku hiyo kama aliyeibiwa roho, akambeba mikononi mpaka ndani ya ndege. Kule Cali walimtundikia damu za watu wengine, chupa baada ya chupa.

Daktari Amparo aliinama karibu na uso wake kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji.

"Jaribu kwanza," Saturia alimwambia. "Nakuomba, dada yangu. Jaribu."

"Nitajaribu. Lakini nikifika mahali pa kuchagua, nitakuchagua wewe."

Alipoamka alimkuta daktari amekaa ukingoni mwa kitanda bado na kofia yake ya kazi, na hakuhitaji kuuliza. Daktari alimweleza hata hivyo. Uvimbe wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka, kisha damu ikakataa kusimama, na Saturia alikuwa ameingia nayo kidogo mno, kizazi kikabidi kitolewe. "Ungekuja na damu uliyokuwa nayo mwezi uliopita..." alianza, akaacha.

Saturia akageukia ukuta, akalia. Alikilia kizazi chake, alimlilia mtoto ambaye sasa hangekuja, na mwisho akamlilia yule wa kwanza aliyekatazwa kumlilia. Aliomboleza kwa sauti, ana mshono mbichi, kila kwikwi inamkata. Kama kuna mabawa yaliyolowa, na yalowe. Mtu ana mwisho wake.

Kabla ya kuruhusiwa aliomba apewe kizazi chake akakizike. Muuguzi alimhurumia, lakini akamwambia kimepelekwa kupimwa, na vikishapimwa huchomwa.

Habari zilimtangulia, na nyumbani Eustolia alikuwa amekwisha kuchimba. Shimo lilikuwa chini ya nyumba, karibu na vitovu vile viwili, amelifunika bati maji yasiingie. Kilichotoka tumboni mwa mtu hakitupwi kama maganda ya kombe.

"Umekuja nacho?"

"Wamekataa, shangazi."

Mzee akashika nguzo. Alikuwa amekonda kwa wiki zile mbili kuliko mgonjwa mwenyewe. "Niambie kweli, Saturia. Ilikuwa chupa yangu?"

Saturia aliitazama ile mikono iliyoshika nguzo. Ndiyo mikono ya kwanza iliyomgusa duniani. "Hapana," alisema. "Daktari kasema kilikuwa kimeharibika siku nyingi. Hata ningefanya nini, kingetolewa tu."

Mabega ya Eustolia yakashuka. Siku hiyo alimpikia samaki wa nazi, akamchagulia miiba kama mtoto, na Saturia akala. Uongo ule aliuona kuwa zawadi. Alikuwa amepoteza kila kitu, angalau yule mzee abaki na kazi yake.

Alirudi mikokoni baadaye, mpole, haimbi. Yuranis naye alikuwa ameanza kuvaa sketi nyeusi. Saturia alimwona, akamjua, akamshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa daktari Amparo. Uvimbe ulikuwapo, bado mdogo. Kizazi kitabaki, waliambiwa, ila damu iongezeke kwanza. Sindano ya kwanza. Ya pili.

Asubuhi moja Saturia alipanda ngazi ya nyumba ya shangazi yake kumletea ndizi, akamkuta Yuranis amekaa kwenye kizingiti, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria, macho mekundu. Ndani, Eustolia alikuwa anazungusha gunzi la hindi kwenye mdomo wa chupa.

"Ya nani hiyo?"

"Ya huyu mtoto. Kichwa kinampasuka, hujamwona? Imeshampanda." Akashusha sauti. "Wewe haikukufaa kwa sababu tulichelewa. Huyu nimemuwahi."

Saturia aliweka ndizi chini. Angeweza kumwita Yuranis pembeni, akaimwaga chupa, na mzee asijue. Lakini majani yalikuwa yamening'inia darini yanakauka, ya kutosha chupa nyingine na nyingine, na wasichana wa kijiji hiki hawaishi kuzaliwa.

"Shangazi, nilikudanganya."

"Nini tena?"

"Ilikuwa chupa. Damu haikuwa imenipanda popote, ilikuwa inajaa mwilini ili nipasuliwe nipone. Niliacha sindano, nikanywa hii, ikamwagika yote. Kizazi changu kilikuwa kizima, shangazi. Daktari alikuwa anakiacha."

Yuranis aliacha kujipepea. Eustolia hakukaa wala hakulia. Aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake, akayatazama majani ya darini, na Saturia akajua kwamba hamfikirii yeye peke yake.

"Ni wangapi?" mzee aliuliza.

"Sijui."

"Nimewapa tangu nikiwa msichana, Saturia. Nimewapa mama zao. Ni wangapi?"

Akapita katikati yao na chupa yake, akashuka ngazi moja moja, na wakamwona akivuka uwanja kuelekea nyumba ya Saturia, akaingia chini yake. Wakasikia bati likiburutwa.

"Sasa kichwa changu?" Yuranis aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kitauma. Utajipepea, utalia, utanitukana. Sindano yako ni lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa tunakwenda wote. Nitakukalia kitako mpaka wakuchome."

Saturia alibaki mlangoni. Chini ya nyumba yake Eustolia alikuwa amepiga magoti, ameiweka chupa ndani ya shimo lile lililokosa cha kuzikwa, na anarudishia udongo kwa mikono mitupu, kidogo kidogo, jinsi alivyofanya siku ya kitovu cha Saturia na siku ya kitovu cha mwanawe. Saturia alishuka, akavuka uwanja, akapiga magoti pembeni yake, akamsaidia kufukia.