Nell Hataki Kuvuka

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi Merle Tranter huwa yuko katika jiko la samaki, aproni ya mpira kiunoni, akikagua vibua mmoja mmoja: macho, matamvua, tumbo. Aliyelegea hutupwa nje. Walezi vijana humcheka kwamba pomboo wake wanakula vizuri kuliko mumewe, na mumewe hajawahi kukanusha.

Miaka ishirini na saba amelea pomboo katika bustani ya wanyama ya Wattle Point, kwenye pwani ya New South Wales, na kati yao wote kipenzi chake ni Nell. Nell aliokotwa ufukweni akiwa ndama, mkia umekatwakatwa na wavu. Hakuwahi kufundishwa na mama yake kuwinda, kwa hiyo hakurudishwa baharini. Alikulia kwenye bwawa la zege lenye umbo la sahani, kina mita tatu, akizunguka na kuzunguka. Merle hakuweza kulitazama bwawa lile bila kuona aibu. Kila mwaka aliwaandikia wakubwa barua, mpaka wakachoka naye na kujenga jipya.

Na lilikuwa bwawa kweli. Kina mita nane, miamba, mchanga, mwani unaoyumba, maji ya bahari yanayoingia na kutoka. Lango kati ya mabwawa hayo mawili lilipofunguliwa, pomboo wawili vijana walipita siku hiyo hiyo. Nell alifika langoni, akachungulia, akarudi kwa Merle.

Siku tisa zikapita hivyo hivyo. Bwawa la zamani lilikuwa na ufa, na Ijumaa lilipaswa kukaushwa. Nell asipovuka mwenyewe, angenaswa, alazwe kwenye machela na kuinuliwa kwa winchi. Daktari wa wanyama hakumficha Merle kitu: moyo wa Nell umezeeka, na huenda usiihimili hofu hiyo.

Alhamisi asubuhi Nell alienda langoni kwa mara ya nne siku hiyo, akageuka. Merle alipiga magoti ukingoni, akampapasa paji la uso, akamtia kibua mdomoni.

"Pole, mama. Pole. Usiogope."

Kosta, mlezi mwenzake wa miaka mingi, alikuwa ameegemea uzio na kikombe chake cha kahawa.

"Merle, nikuulize kitu, hutanirushia ndoo?"

"Inategemea."

"Umempa samaki kwa kazi gani?"

"Kwani lazima iwe kazi? Si unaona anavyoogopa?"

"Naona anaenda langoni, anageuka, anakula. Anaenda, anageuka, anakula. Angemlisha hivyo yule mlezi mpya, ungemla mbichi."

Merle akaitazama ndoo ya samaki kando yake. Kila mlezi aliyepita mikononi mwake alifunzwa jambo hilo siku ya kwanza: samaki hutolewa baada ya tendo unalolitaka, si kabla, wala si kwa huruma. Mnyama hurudia kilichomlisha. Siku tisa nzima, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemfunza Nell kurudi.

"Mjinga mimi," alisema polepole.

"Mjinga wetu," Kosta akasema. "Haya, inuka."

Merle akanyanyuka, akabeba ndoo, akazunguka pamoja na Kosta mpaka upande wa mbali wa bwawa jipya. Akakaa juu ya jiwe. Hakuita. Nell alipogundua kwamba hayuko, alianza kupiga miluzi, ule mluzi wake mwembamba anaoutoa akiwa peke yake. Merle aliusikia wote. Alibana mikono mapajani ili asiinuke, na machozi yakamtoka hivi hivi, mbele ya Kosta, asijali.

Saa nzima ilipita. Kisha pua ikatokeza langoni, ikarudi. Ikatokeza tena. Halafu mgongo wa kijivu ukateleza ukapita, taratibu, na Nell akawa upande wa pili.

Merle akapuliza filimbi mara moja, ishara ya kumwambia: ndiyo hivyo hasa, njoo ule. Akainua kibua mnono kuliko wote.

Nell alitoa kichwa majini, akamtazama, akazama. Pomboo wale wawili walikuwa chini kwenye mwani, naye akawafuata. Alijisugua tumbo mchangani, akaburuta jani la mwani kwa pezi, akamnyang'anya mwenzake la kwake. Merle alisubiri na kibua mkononi mpaka samaki huyo akakauka juani.

"Haji?" Kosta akauliza.

"Haji."

"Puliza tena, ataacha kucheza aje. Wewe atakusikiliza."

Ni kweli, angesikiliza. Roho ilimuuma Merle kuliko alivyotarajia, na furaha nayo ilikuwa humo humo, havitenganishiki. Akaivua filimbi shingoni, akaitia mfukoni.

"Mwache," alisema. "Ana shughuli zake."