Nilivyojipandisha Ukurasa wa Kwanza

Darasani sikukaa sana, lakini uenyekiti wa kikundi chetu cha wabangua korosho hapa Chuno niliupata kwa jasho langu. Mkutano wa kwanza ulifuta sharti la mwenyekiti kuwa amemaliza darasa la saba. Mkutano wa pili ukanichagua mimi.

Daftari la mihtasari ya mikutano likaloa mvua, tarehe zikafutika, nikajitolea kulinakili upya. Niliona haipendezi mwenyekiti kukaa nyuma ya masharti, nikauhamishia uchaguzi wangu mbele na kuuita mkutano wa kwanza. Maneno sikugusa hata moja. Nimehamisha tu, kuna ubaya gani?

Afisa ushirika alipokuja kutukagua, alilisoma mbele ya wanachama wote.

"Mzee, kwa daftari hili ulichaguliwa sharti likiwa bado lipo. Uchaguzi wako ni batili."

"Sharti tulishalifuta!" nikafoka.

"Mmelifuta mkutano uliofuata. Kwani wewe umefika darasa la ngapi?"

Bi Somoe, mweka hazina wetu, akadakia: "Jibu, baba, na sisi tujue."

"La tatu," nikasema. Wao miaka yote nilikuwa nawaambia la sita.