Spika ya Sato Darasani

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida zilipoanza. Mama aliugua kule Nansio akashindwa kuinuka kitandani, mimi nikatolewa darasa la pili nikaenda kukausha samaki wa watu. Shule yangu iliishia hapo. Kwa hiyo nikiuliza mambo ya walimu, nauliza kweli. Sijui, na nataka kujua.

Nyumba yangu moja hapa Kiseke napangisha wanachuo wa ualimu wanaokuja shule ya jirani kwa mazoezi ya kufundisha. Mwaka jana walikuwa wawili, msichana na kijana wa kiume, wote wa somo la Kiingereza. Msichana alikuwa pabaya. Mkufunzi wao wa chuo alishamkagua mara moja, akasema darasa limepooza, watoto wanaitikia tu, hawasemi. Alikuwa anarudi Alhamisi. Akimkuta vilevile, msichana anarudia mazoezi yote.

Nikawakuta uani wanabishana.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mnagombania nini, maji au choo?"

"Bibi, huyu mwenzangu anataka kucheza michezo mbele ya mkufunzi," kijana akasema. "Watoto themanini. Darasa litakuwa mwalo wa samaki."

"Mwalo una ubaya gani? Mimi umenilea."

Akacheka. Nikamuuliza kwa nini yeye acheze mpira kwenye simu mpaka chaji iishe, halafu amkatalie mtoto wa shule kucheza. Nilitaka kusikia.

"Bibi, mimi sikatai. Kiingereza chenyewe nimekiokota kwenye gemu na muvi, nisikudanganye. Na chuoni tumefundishwa michezo, tukaipenda. Lakini darasani pale hakuna umeme. Projekta ni moja, imefungiwa kwa mwalimu mkuu. Watoto wakipiga kelele, mwalimu wa chumba cha pili anasema umeshindwa kulimudu darasa. Ukishika chaki hakuna anayekuuliza."

Lile la chaki lilinikaa. Kumbe huyu anaamini mchezo, anachoogopa ni macho ya wenzake.

Msichana alikuwa ameshaweka sauti yake kwenye simu, amri fupi za Kiingereza: simama, gusa dirisha, weka daftari kichwani. Safu itakayotii kwanza inapata alama. Tatizo, simu ilisikika mpaka dawati la tatu tu.

"Bibi, naomba ile spika yako ya gengeni."

Hiyo spika ndiyo inayoniuzia samaki wangu, sato. Sauti ya ndani ni yangu, inazunguka kutwa nzima, mtaa mzima unaijua. Nikamwambia spika yangu haiendi mahali bila mimi. Akaziweka amri zake kwenye kadi ya spika, baada ya tangazo langu, akaniambia ameshaona kwamba ukiizima na kuiwasha inaanza upya na tangazo, kwa hiyo ataisogeza mbele mapema na hataizima.

Alhamisi nikaibeba mwenyewe, nikamkabidhi, nikasimama nje ya dirisha la darasa. Mkufunzi akaingia, akakaa nyuma na karatasi zake. Msichana akaingiwa na woga, akaizima spika. Nilimwona anavyoizima. Akaandika tarehe ubaoni, akasalimia, kisha akaiwasha.

"Sato wa leo, sato wa leo. Wa jana hatuuzi."

Ilikuwa mimi, tena kwa sauti yote. Na watoto, maana wanapita gengeni kila siku, wakamalizia kwa pamoja kabla yangu: "Kama hununui usiwashike, nenda kwenu."

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mkufunzi akaacha kuandika. Msichana akaizima spika. Nikajua basi, mtoto wa watu ameharibikiwa.

Akawageukia watoto, akauliza kitu kwa Kiingereza. Wakajibu kwa kelele neno ambalo nalijua, lile la samaki, wanunuzi wa hoteli hulitaja. Akauliza tena. Mmoja akasimama akiwa muuzaji, mwingine mnunuzi, wakabishana, nilielezwa baadaye, kama samaki ni wa leo au wa jana. Mnunuzi akajifanya anabonyeza tumbo la sato. Vidole vikawa juu darasa zima, kila mmoja anataka kuuza. Ndipo akaiwasha spika, akaisogeza mbele mpaka kwenye amri zake, wakakimbilia kugusa madirisha.

Kengele ilipolia mkufunzi akatoka naye mpaka barazani, hatua chache kutoka nilipo.

"Lile tangazo lilikuwa kwenye andalio lako la somo?"

"Hapana, mwalimu. Nilikosea."

"Nimekukata alama za maandalizi. Lakini leo wamesema. Hurudii."

Jioni kijana akamwambia, "Una bahati. Mkufunzi mwingine angekufukuza na sato zako." Mimi sijui kama amekosea. Ila wiki iliyofuata kijana huyohuyo alikuja kuniomba spika, akataka nisimwambie msichana.

Mimi nikamwomba msichana anifundishe na mimi Kiingereza, kwa mchezo, si kwa chaki. Akawaza, akasema mchezo wangu utakuwa huu: nataja kitu ninachomiliki, yeye ananipa neno lake, nikilikosea naanza upya. Nimefika mwisho mara mbili bila kukosea, na vitu vyenyewe ni hivi.

Nyumba mbili Kiseke. Kiwanja Kisesa, bado hakijajengwa. Mitumbwi mitatu, injini moja. Majokofu manne. Genge la samaki. Ng'ombe kumi na mmoja. Simu ya kitochi.