Hamadi Bado Kashika Wavu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yamenikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Tena sikuwa peke yangu. Baba yangu alikuwepo, na angekuwa anaweza kusema angekusimulia yeye.

Sisi ni watu wa Mji Mkongwe, nyumba yetu iko Malindi. Lakini kila Jumapili baba alitutoa vichochoroni, mimi na kaka yangu Hamadi, akatupeleka kusini kwenye maweni ya nyuma ya Kitogani, ardhi ya mawe na vichaka, kuwinda nguruwe wanaoharibu mihogo ya watu. Hatuwali, hilo unalijua. Tunawaua ili wakulima wapate kupumua. Mbwa walikuwa wa Ami Shaame, mdogo wake baba, anayeishi huko huko shamba, na aliwapa majina ya kuwasema majirani: Mtachoka, Hayakuhusu, Waache Waseme. Hamadi akiwaita kwa sauti, nusu ya kijiji hununa. Tukirudi, mama hafungui mlango mpaka tujitoharishe nje kwa udongo na maji. Nyumbani baba alikuwa mtu wa maneno mawili matatu, lakini maweni alicheka, alitania, alitumenyea machungwa kama watoto wadogo, na sisi wanaume wenye ndevu! Siku hizo nilizipenda kuliko sikukuu.

Kuwinda kwetu ni hivi. Wavu hutandazwa vichakani, mtu mmoja akashika kamba ya ncha hii, mwengine ya ncha ile, na mbwa wakamfukuza mnyama aingie. Aliyeshika kamba haiachi, hata nyuki wamtafune, mpaka mwenzake aje aipokee mkononi mwake. Hiyo ndiyo sheria ya wasasi. Ncha ya kushoto ilikuwa ya baba, ya kulia ya Hamadi. Mimi kazi yangu mkuki.

Kisha Hamadi akafa. Vespa ilimtupa pale Mtoni asubuhi akienda kazini. Sitaki kulieleza sana hilo.

Tulipomaliza arubaini tukarudi maweni. Ami Shaame akamwambia baba, "Kaka, nafasi ya maiti haiachwi wazi. Mpe kamba huyu mdogo wake, leo hii."

"Ile ya Hamadi," baba akajibu. "Haishiki mtu."

Akailaza kamba chini, pale pale alipokuwa akisimama mwanawe. Ikawa hivyo kila Jumapili, na nguruwe wakatupita upande ule wanavyotaka. Nani angembishia? Mtu kazika mwanawe.

Siku yenyewe ilikuwa baada ya alasiri, jua bado lipo. Ami Shaame alikwenda na mbwa upande wa pili. Ghafla wavu ukakaza. Niamini, ile kamba iliyolala chini ilinyanyuka, na wavu wote ukanyooka mbele yetu. Nikaufuata kwa macho mpaka mwisho wake, na pale alisimama Hamadi.

Hakuwa kivuli wala moshi. Alikuwa Hamadi na fulana yake ya kijani ya kuwindia, kamba kaizungusha viganjani, vidole vimevimba, ngozi imechunika. Miguu yake ilifunikwa na majani, sikuiona, nashukuru Mungu. Mbwa walitokea wakibweka, walipomwona wakanyamaza wote wakalala chini.

"Baba," akasema, sauti ile ile. "Nshachoka. Mbona hamji kunipokea?"

Baba akalia, yeye ambaye hata mazikoni hakutoa chozi. Miezi yote ile mtoto wa watu alikuwa amesimama peke yake kwenye mawe yale, akisubiri! Nikatupa mkuki, nikapiga hatua kwenda kwake.

"Rudi!" baba akaniita. "Njoo upokee hii yangu."

Nikaenda, nikaipokea. Unaona alichonifanyia? Nimeshika kamba, siwezi tena kuondoka.

"Wewe una watoto," akaniambia taratibu. Akaenda yeye, kajikwaa, kainuka, kanyoosha mikono yote miwili. "Lete, mwanangu. Nshakupokea."

Hamadi akampa. Akavitazama viganja vyake, akamtazama baba kwa huruma kubwa, akaingia kichakani. Sikumwona tena.

Ami Shaame alipofika aliipokea kamba yangu bila tabu. Ile aliyoipokea baba haikupokeleka. Vidole havikufunguka, tukaikata kamba kwa kisu, tukamrudisha mjini na vipande mkononi. Tangu siku hiyo hasemi. Tumempeleka hospitali, tumemsomea, wapi! Mama anamlisha kwa kijiko. Jumapili ikifika vidole vinavimba, na mimi hukaa mbele yake nikamwambia, "Lete, baba, nikupokee." Hunitazama kwa mapenzi yale yale ya maweni, akatikisa kichwa.

Basi wewe uliyefiwa, nakuomba. Kama umeweka wazi mahala pake, kiti, kitanda, zamu ya kazi, mpe mtu mwengine leo, hata moyo ukikuuma. Unadhani unamuenzi, kumbe unamzuia. Siku atakapochoka atakuja kuomba apokewe, na atakayekwenda kumpokea ni yule aliyempenda kuliko nyote.