Nani Aliwatuma Mumlainishe Uso?

Nilikuwa sokoni Runyenjes nikichagua ndizi za kupika nilipoambiwa kwamba yule mama mshonaji wa sare za shule ametuaga. Presha ilimwangusha akiwa kwenye cherehani. Msomaji wangu, nilikasirika kabla sijalia, kwa maana aliyeniletea habari, mama wa kanisa mwenye heshima zake, alimtaja hivi: “Si unajua yule fundi wa uso ulioharibika?” Nikamjibu palepale kwamba hakuna kilichoharibika. Makovu alikuwa nayo, mashavu yote mawili hadi chini ya kidevu, na sikumwona hata siku moja akiyaficha kwa leso wala kwa poda. Alikaa mlangoni pa kibanda chake, kwenye mwanga, na mwenye kutaka kutazama alitazama.

Hadithi yake alinisimulia mwenyewe huku akinipima gauni. Usichanani mwake chunusi zilimtoka kama vinundu vikubwa vyenye usaha, vikimuuma hata kulalia mto. Nyumbani wakasema ni uchafu, akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka akachubuka. Wakasema ni mafuta ya ovakado. Wakasema akiolewa zitaisha. Mwishowe shangazi yake akamletea krimu ya kung’arisha, ya kopo lisilo na jina, na uso ukameremeta kwa muda mfupi kisha ukalipuka vibaya kuliko mwanzo. “Walininyima ovakado hadi nikaolewa,” aliniambia akicheka na pini mdomoni. “Nikabaki na chunusi na njaa, zote mbili!” Alipomfikia daktari wa ngozi, ugonjwa ulikuwa umeshachoka wenyewe na makovu yalikuwa yamekwisha kukaa.

Tangu hapo akawa msumbufu, na ninamsifu kwa usumbufu huo. Binti wa jirani yetu, mwanafunzi wa sekondari, alikuwa amekataa kurudi shule kwa sababu ya uso wake, na mama mtu alikuwa ameanza kumtafutia kazi ya kibarua kwenye majani chai. Fundi hakumpa mama huyo usingizi mpaka akakubali kwenda hospitali. Dawa za kupaka na vidonge vya kwanza havikutosha, tukatumwa kwa daktari wa ngozi Meru mjini, nami kwa kuwa nina gari nikawa dereva. Daktari alieleza vizuri: vinyweleo huziba, mafuta ya ngozi yakakwama ndani, vijidudu vikazaliana na ngozi ikavimba, homoni za ujana na damu ya ukoo huchochea, wala si uchafu. Kulikuwa na vidonge vikali zaidi ambavyo vingeweza kumsaidia. Vinakausha midomo, vinataka miezi ya subira na vipimo vya damu, na mwenye mimba hapaswi kabisa kuvigusa kwa sababu vinamlemaza mtoto tumboni. Kwa hiyo kila msichana hupimwa mimba kabla ya kuvianza.

Hapo ndipo mama alipotoka kwenye chumba cha daktari akimvuta binti yake mkono, sauti juu, korido nzima ikisikia. “Mtoto wangu ameokoka! Tumeleta chunusi, sasa anaulizwa mambo ya mimba? Twende nyumbani!” Binti alikuwa akilia. Fundi akasimama katikati ya njia. “Mama, hakuna mtu amemtukana mtoto. Hiyo ni sheria ya dawa. Kama ni aibu, basi nipimwe mimi kwanza, na vile nimezeeka!” Watu waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko, mama naye akacheka bila kupenda, akarudi ndani. Binti alipimwa, akapewa dawa, akarudi shule.

Sasa nije kwenye kilichonitia moto. Juzi tulipokwenda kumzika tuligawiwa programu, na kwenye jalada palikuwa na mwanamke nisiyemjua. Studio ilikuwa imemlainisha. Siku hizi ndiyo desturi yetu, marehemu anatengenezwa ngozi kabla ya kuchapishwa, na familia inaamini imemheshimu. Wakati wa rambirambi mama wa yule binti akaomba kipaza sauti. “Hii picha si yake,” alisema, na mchungaji akakohoa. “Mimi nilitaka kutoroka na mtoto wangu hospitali. Ni huyu mama alinizuia, na nilimsikiza juu ya hayo makovu. Kama angekuwa na hii ngozi mmemuwekea, ningemwambia anipishe!” Akatoa mkobani picha iliyopigwa siku ya harusi moja pale kanisani, fundi akicheka, kila shimo la shavu likionekana. Watu wa familia wakatazamana. Kisha kijana mkubwa wa marehemu akainuka, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya jeneza.

Tulimzika na sura yake. Nawe uliye na kijana mwenye chunusi zinazouma na kuacha mashimo, usimfiche, usimnyime chakula, usimpake vya kopo. Mpeleke hospitali sasa, na mkiulizwa swali linalokukera, kaa kwenye kiti, lijibu.